Nani Amchagulie Mfanyakazi Nguo ya Kazi?



Miaka michache iliyopita vijana watatu wa Luhwindja walitujia jioni, baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Walikuwa wajumbe wa wafanyakazi katika kampuni moja ndogo ya kutengeneza barabara, ambayo hatutaitaja jina. Walileta mfuko, na ndani yake nguo tatu za mfano. Mkubwa wao alikuwa amewaambia wachague moja kabla ya Jumatatu, ili mshoni wa Bukavu aanze kazi.

Ya kwanza ilikuwa ovaroli, au salopeti kama tusemavyo huku Kongo, ya rangi ya buluu yenye kung'aa, na jina la kampuni mgongoni kwa herufi kubwa kama za ubao wa duka. Ya pili ilikuwa suruali na koti la kaki. Ya tatu ilikuwa nguo nzito ya pamba, rangi ya udongo, isiyo na pambo lo lote. Vijana wawili walitaka ile ya kwanza, kwa kuwa ilipendeza machoni. Wa tatu, mwenye mke na watoto wanne, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, hakuna hata moja iliyoletwa pamoja na viatu."

Neno hilo lilitukaa moyoni. Tuliwaomba watuachie siku mbili, tukafungua vitabu vyetu, tukawauliza na wazee. Tulitaka kujua jinsi nguo ya kazi ilivyoanza, nani aliichagua, na kwa faida ya nani. Hayo tuliyoyapata ndiyo tunayoyaandika hapa, kwa kuwa twadhani yatawafaa wote wanaoajiri na wote wanaoajiriwa.

Nguo ya kwanza

Maandiko Matakatifu yatufundisha, katika Kitabu cha Mwanzo, kwamba kabla Adamu na Eva hawajafukuzwa bustanini, Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Angalieni wakati wenyewe. Ndipo Adamu alipokuwa amekwisha kuambiwa kwamba atakula kwa jasho, katika nchi ya miiba na michongoma. Basi, kabla ya jembe kuingia ardhini, Mungu aliwapa watu wake nguo. Wala hakuwadai bei yake.

Wazee wetu nao walivaa ngozi, na magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakawa laini. Mchungaji, mkulima, na mhunzi wa Kaziba jirani zetu, kila mmoja alijifunga kadiri ya kazi yake na baridi ya milima yake. Aliyefanya kazi ndiye aliyejua nguo ipi yafaa. Hapakuwa na mtu wa mbali wa kumwagizia.

Kisha kitambaa kilianza kutoka pwani. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani wa Unguja mwaka 1833, na meli za mji wa Salem zikaleta shuka za pamba ambazo mpaka leo Waswahili huziita amerikani. Misafara ilizichukua mpaka nchi za maziwa makuu. Wapagazi wengi walilipwa ujira wao kwa nguo hizo. Hapo nguo ilianza kuwa mshahara, na mwenye kitambaa akawa bwana wa asiye nacho.

Nguo ya kumtambulisha mtu

Ulipokuja utawala wa Mfalme Leopold II, toka mwaka 1885 hata 1908, watu wa Kongo waliona sare kwa mara ya kwanza kwa wingi. Askari wa Force Publique walivaa nguo za buluu na kofia nyekundu za tarbushi. Sare hiyo haikuchaguliwa ili kumkinga askari na mvua. Ilichaguliwa ili mwanakijiji aione toka mbali, ajue kwamba Serikali imefika. Wengi walikimbilia msituni walipoiona ile kofia nyekundu, na walikuwa na sababu.

Miaka ile ile, watu wa misitu ya Kongo walilazimishwa kugema mpira. Mpira huo ulikwenda Ulaya, ukafanywa magurudumu na makoti ya mvua, na viatu vya kuingilia majini. Aliyeugema alirudi kwake miguu mitupu. Yatupasa kuikumbuka habari hiyo kila tunapoona mabuti ya mpira sokoni yakiuzwa kwa bei isiyofikiwa na maskini.

Hata mahali pengine mambo yalikuwa karibu na hayo. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya kwanza, wanaume walilazimishwa kuchukua kipande, yaani karatasi ya kazi iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma. Wengi walikitundika shingoni kwa kamba. Wazee wa huko walisema walifungwa kengele kama mbuzi. Na katika miji yote ya utawala, tangu Mombasa hata Costermansville, yaani Bukavu yetu, watumishi wa nyumbani walivikwa nguo nyeupe. Nyeupe si rangi ya kupikia wala ya kusugulia sakafu. Lakini ilipendeza machoni pa wageni wa bwana, nayo ilionyesha mara moja nani ni mtumishi na nani ni mgeni.

Basi, hilo ni kusudi la kwanza la sare, nalo ni la zamani sana: mtu ajulikane ni wa nani. Hatusemi kwamba kusudi hilo ni baya siku zote. Mgonjwa apenda kumtambua mwuguzi, na msafiri apenda kumtambua polisi. Lakini likisimama peke yake, sare yawa kama chapa ya ng'ombe: yamsaidia mwenye ng'ombe, haimsaidii ng'ombe.

Nguo ya kumkinga mtu

Kusudi la pili lilichelewa sana kuja, hata huko Ulaya na Marekani. Twapenda kuwasimulia jinsi lilivyokuja, kwa sababu mara nyingi lilianza na mtu aliyekubali kusikiliza.

Katika mji wa Reno, nchini Marekani, aliishi mshoni mmojawapo, jina lake Jacob Davis. Yapata mwaka 1870 mwanamke mmoja alimjia kumwagiza suruali ya mumewe, mkata kuni, mtu mnene ambaye nguo zake zilichanika upesi. Davis alifikiri, kisha akatia vijipini vya shaba kwenye pembe za mifuko, mahali ambapo suruali huanza kupasuka. Suruali haikupasuka. Wafanyakazi wengine wakasikia, wakaja. Tarehe 20 Mei 1873 Davis na mwuza vitambaa wake, Levi Strauss wa San Francisco, walipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo. Leo suruali za jinzi huvaliwa dunia nzima, hata na vijana wasioshika shoka kamwe. Lakini zilianza kwa neno la mke aliyechoka kushona viraka. Yeye ndiye aliyejua nguo yapasukia wapi.

Kofia ngumu nayo ina habari kama hiyo. Kijana mmoja wa Marekani, E. W. Bullard, alikuwa vitani huku Ulaya, akaona kofia za chuma zikiokoa vichwa vya askari. Baba yake alikuwa akiwauzia wachimba madini vifaa vyao. Aliporudi kwao alijiuliza kwa nini kichwa cha mchimbaji kisikingwe kama cha askari. Mwaka 1919 walianza kuuza kofia ya turubai iliyopikwa kwa mvuke na kukazwa kwa gundi. Hesabuni wenyewe, wasomaji: watu walikuwa wamechimba chini ya ardhi maelfu ya miaka kabla ya kofia hiyo kuuzwa.

Na vile vizibao vya rangi ya machungwa ving'aavyo, ambavyo twaviona kwa watu wa barabara, vilijaribiwa mwaka 1964 huko Glasgow, Uskoti, kwa wafanyakazi wa njia ya reli. Magari-moshi ya umeme yalikuja upesi bila kishindo kikubwa, na dereva hakuweza kumwona mtu mapema. Hapa twaona jambo zuri. Kizibao hicho chamwonyesha mtu, kama ile kofia nyekundu ya askari ilivyomwonyesha. Lakini kofia ilimwonyesha mtu ili wengine waogope, na kizibao chamwonyesha ili yeye apone.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba nguo yatosha. Tarehe 8 Agosti 1956, huko Marcinelle katika Ubelgiji, nchi ile ile iliyotutawala, moto ulizuka ndani ya mgodi wa makaa wa Bois du Cazier. Gari la makaa lilipandishwa likiwa halikukaa vizuri, likakata nyaya za umeme na bomba la mafuta. Walikufa watu 262, na kati yao Waitalia 136 waliokuja kutafuta riziki. Katika migodi ya nchi hiyo mchimbaji alikuwa akivua nguo zake za nyumbani, akazivuta juu darini kwa mnyororo, akavaa za kazini na kushuka. Asiporudi, nguo zake za nyumbani hubaki zimening'inia juu. Twafikiri hakuna hotuba ya kiongozi ye yote iwezayo kusema zaidi kuliko nguo zile. Kila mtu aingiaye kazini ana nguo nyingine inayomngoja, na watu wanaoingoja pamoja nayo.

Habari za kwetu Luhwindja

Sasa turudi kwetu. Luhwindja iko juu milimani, katika tarafa ya Mwenga, kusini-magharibi ya Bukavu. Asubuhi ukungu hufunika mabonde, mvua ni nyingi, na udongo wake huteleza kama sabuni. Dhahabu yetu ilijulikana zamani. Kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, ilichunguza mlima wa Twangiza toka mwaka 1957 hata 1966, ikatoboa njia za chini ya ardhi zipatazo mita 12,000. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Mwaka 1982 Serikali ya Zaire iliwaruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu wenyewe. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kazi ya makampuni ikazidi kudhoofika.

Toka hapo wengi wetu tulijichimbia. Mchimbaji wa kujitegemea hana wa kumchagulia nguo, lakini pia hana wa kumpa. Huingia shimoni na kaputula iliyochakaa, tochi imefungwa kichwani kwa ukanda, miguu mitupu au kandambili. Akina mama watwangao mawe hujifunga kitambaa puani, na vumbi hupita. Vumbi hilo la mawe huingia mapafuni likakaa humo. Halitoki kwa dawa wala kwa maziwa, kama wengine wanavyodhani.

Baadaye ilikuja kampuni ya Banro, ya Kanada. Ilitoa dhahabu yake ya kwanza Twangiza mwezi wa Oktoba 1911? La, wasomaji msicheke. Tumeandika hivyo makusudi, ili mwone jinsi karne nzima ilivyopita. Ilikuwa Oktoba 2011. Katika muda wa miaka mia hiyo, vazi la mchimbaji wa dunia lilikuwa limebadilika kabisa, na la mchimbaji wetu wa kujitegemea halikubadilika karibu hata kidogo. Ndipo tulipoona njiani watu wa namna mbili: mwenye kofia ngumu, mabuti na kizibao king'aacho, na nduguye aliyechimba mlima ule ule zamani, asiye na kitu. Walitoka nyumba moja, na pengine walibatizwa siku moja. Nguo ikawatenga kuliko ukuta. Aliyevaa alionekana tajiri, hata kama mshahara wake ulikwisha katikati ya mwezi. Asiyevaa alionekana mhalifu, hata kama alitafuta ada ya shule tu.

Kanisa nalo huvaa

Labda mmoja atasema, "Katekista, mambo ya nguo ya kampuni yakuhusu nini?" Yatuhusu sana. Askofu Mkuu Lavigerie alipoanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, huko Algeria mwaka 1868, alipaswa kuwachagulia vazi. Aliwavika kanzu na joho jeupe kwa mfano wa watu wa nchi ile, na rozari shingoni. Alitazama kwanza watu wanaotumikiwa na jua la nchi. Mapadre hao ndio tuliowaita Mapadre Weupe, na babu zetu waliwatambua kwa vazi hilo.

Tumeona pia vazi la kulazimishwa kwa nchi nzima. Rais Mobutu alipotangaza siasa ya uhalisi, wanaume walipigwa marufuku kuvaa suti na tai, wakashonewa koti la abakosti. Mwaka 1972 aliyakataza hata majina ya ubatizo, na Kardinali Malula wa Kinshasa akalazimika kuondoka nchini kwa muda. Abakosti ilisemwa kuwa nguo ya uhuru, lakini raia hakuulizwa. Tarehe 24 Aprili 1990 ruhusa ya kuvaa tai ilitolewa tena, na watu wengi waliiacha abakosti upesi sana. Nguo isiyochaguliwa na mvaaji haimkai moyoni.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kuleta faida, na kwamba heshima yake ya kibinadamu lazima ilindwe. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei. Na sheria za dunia zimekaribia mafundisho hayo. Shirika la Kazi la Kimataifa lilikubaliana mwaka 1981 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi fedha, na mwaka 1995 kwamba katika migodi mwajiri atoe nguo na vifaa vya kujikinga, avitunze, bila kumdai mchimbaji. Nchini kwetu, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yataka iwepo kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Huko ndiko habari ya nguo inakopaswa kuzungumzwa, mwajiri na wajumbe wakiwa wameketi pamoja.

Silaha za Sauli

Vijana wetu waliporudi, tuliwasomea habari moja katika Kitabu cha kwanza cha Samweli. Daudi alipokwenda kupigana na Goliati, Mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe ya vita: kofia ya shaba, deraya na upanga. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa vitu vya thamani. Lakini Daudi alijaribu kutembea, akashindwa. Alivivua vyote, akachukua fimbo yake, kombeo, na mawe matano ya mtoni. Na hebu tuulize: kama angeona haya kumwambia mfalme kwamba havimfai, mambo yangekwishaje?

Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tuliwapa vijana maswali manne ya kumpelekea mkubwa wao. Je, nguo hii yamkinga mtu na nini, katika kazi ile hasa anayoifanya? Je, imepimwa mwilini mwa wafanyakazi wenyewe, wanene na wembamba, wanaume na wanawake? Je, nani ataifua na kuishona, na kwa fedha za nani? Jina la kampuni tuliliweka swali la nne na la mwisho, kwa kuwa jina halizuii jiwe.

Walikubaliana juu ya nguo nzito ya rangi ya udongo, na kizibao king'aacho juu yake kwa wale wanaosimama barabarani. Waliomba jina lishonwe dogo kifuani, na fedha zitakazobaki zinunue mabuti. Mkubwa wao alikasirika kidogo, kisha akapiga hesabu, akakubali. Mabuti yaliwatosha wenye mkataba. Vibarua wa kutwa, ambao ndio wanaobeba mawe, hawakupata.

Yule kijana mwenye watoto wanne alitujia tena siku ya Dominika, baada ya Misa. Alikuwa na mabuti mapya, naye hakuonekana mwenye furaha. Alituambia kwamba wameamua kulipeleka tena neno la vibarua katika mkutano unaofuata, na kama watakataliwa, katika ule wa baadaye. Akauliza kama ni dhambi kuvaa mabuti hayo wakati mwenzake anakwenda pekupeku kando yake.

Tulimjibu kwamba si dhambi kuyavaa. Dhambi ni kuyavaa na kunyamaza.